Mizizi Kumi na Miwili ya Bi Bogumila

Mimi sikuwa na nia mbaya. Naanza na hilo, ingawa najua wenye nia mbaya nao huanza hivyohivyo.

Bi Bogumila anakaa ghorofa ya tatu na mimi ya pili, chini yake kabisa, na kwa miaka ishirini na saba nimezijua nyayo zake kuliko ninavyozijua sala zangu. Ni mtu asiyetulia. Wenzake wakistaafu hununua kiti cha kuegemea, yeye alinunua viatu. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha samani hapa Suwałki, Poland, akipaka vanishi milango ya makabati, na hadi leo akifika mlangoni kwa mtu huupapasa kwanza ndipo abishe hodi. Marehemu mumewe, Zenon, alikuwa mtu wa kulala. Alikuwa akisema ameoa cherehani: hata ikizimwa, unahisi bado inatetemeka.

Kitu pekee kilichomtuliza ni kishamba chake ng'ambo ya reli, kwenye vishamba ambavyo chama cha bustani hukodisha watu wa mjini, kile namba arobaini na saba chenye kijumba cha mbao na pipa la maji. Hapo alilima viazi, bizari, matango na vitunguu miaka yote. Halafu nyonga ikaharibika, akapasuliwa, akapewa fimbo, na daktari akamkataza kuinama kila siku. Mwaka uliofuata magugu yakamshinda. Ndipo akaamua kuachana na mboga, apande maua ya kudumu: yale unayoyapanda mara moja, majani yakafa baridi ikija, mzizi ukabaki hai chini ya theluji, na mwaka wa pili yakainuka yenyewe bila kuombwa.

Lakini kabla ya maua kulikuwa na moto. Mwezi wa Oktoba aliweka mchuzi jikoni, akashuka kumpelekea jirani gazeti, akasimama ngazini kupiga soga, na sufuria ikaungua mpaka zimamoto wakaja. Hakuumia mtu. Dari lilipata weusi, basi. Ila binti yake Marzena, anayekaa Gdynia na ana cheo huko bandarini, alipopata habari alikuja kwa treni siku ileile na uso wa mtu aliyekuja kuzika.

Tangu siku hiyo kila mtu katika ngazi yetu alianza kumchunguza Bi Bogumila. Akisahau ufunguo, tunatazamana. Akirudia hadithi, tunatazamana. Kana kwamba sisi wengine hatujawahi kusahau ufunguo maishani.

Siku ya pili ya Krismasi alinialika kwa chai. Marzena alikuwepo. Mezani kulikuwa na keki ya mbegu za mpopi, na katikati ya keki na vikombe kulikuwa na katalogi ya mkulima mmoja wa maua wa huko Lublin, mzee ambaye bado anachapa katalogi ya karatasi na kupokea oda kwa posta.

"Mama, njoo Gdynia," Marzena alikuwa akisema. "Utakuwa na chumba chako. Dirisha linaangalia bustani."

"Bustani ya nani?"

"Ya jengo."

"Ya jengo! Nikae dirishani nitazame nyasi za jengo, kama paka."

"Mama, uliunguza nyumba."

"Niliunguza sufuria. Usinikuzie mambo, nina yangu ya kutosha." Akaivuta katalogi, akagonga kidole kwenye picha ya ua kubwa la waridi iliyokolea. "Mimi naagiza piwonia kumi na mbili."

"Una miaka sabini na mitatu. Piwonia ukiipanda leo inakaa miaka mitatu ndipo ichanue vizuri."

"Basi nitakuwa na sabini na sita. Hesabu hiyo imekushinda na digrii yako?"

Nilicheka, na Marzena akanitazama vibaya. Kisha akakoroga chai isiyo na sukari. Alipozungumza, alizungumza taratibu, kama mtu anayemkabidhi mtoto kisu.

"Sawa, Mama. Agiza. Zikifika, uzitunze mwenyewe mpaka Aprili, ardhi ikifunguka uzipande. Zikiingia ardhini zikiwa hai, kishamba ni chako, nyumba ni yako, sitakugusa tena. Zikikufia, tunapeleka barua kwenye chama, unakirudisha, unakuja kwangu."

"Zote kumi na mbili?"

"Nusu zikiwa hai zinatosha. Sikuonei."

Bi Bogumila akamnyooshea mkono. Walipokwisha kushikana, wote wawili wakanigeukia, nami kwa ada yetu nikaushusha ukingo wa kiganja changu katikati ya mikono yao, nikaikata. Ahadi ikikatwa na mtu wa tatu haina kurudi, na mtu wa tatu ndiye shahidi.

Nilipokuwa nateremka, Marzena alinifuata ngazini. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Bi Lucyna, wewe ndiye jirani mwenye akili hapa. Nakuomba uwe jicho langu. Nitakupigia kila Jumapili uniambie tu anaendeleaje."

Ndiye jirani mwenye akili! Sifa ni kama sukari, mtu haulizi imetoka wapi. Nikakubali.

Januari nzima Bi Bogumila hakukalika. Alijaza fomu ya oda mara nne, akiandika na kuichana. Alipoiweka posta akaanza kuogopa kuwa mzee wa Lublin atatuma mapema na mizizi itaganda njiani. Akampigia simu. Siku mbili baadaye akampigia tena, kwamba asichelewe mno vilevile. Mara ya tatu mzee akamwambia: "Bibi, mimi nina miaka arobaini na mitano katika kazi hii. Kunywa chai."

Boksi lilifika siku ya Alhamisi ya Mafuta, ile ya mwisho kabla ya Kwaresima, watu wanapokula vya kukaangwa. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nakaanga maandazi ya jemu na mikono yangu ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, yeye akaja kunigongea nimsaidie kulibeba. Ndani, katika unga wa mbao wenye unyevu, mlikuwa na vitu kama mihogo midogo iliyopigana ngumi, na kwenye kila kimoja macho matatu manne mekundu, yamefumba, yamejaa. Alikishika kimojawapo kwa viganja viwili.

"Anapumua," akasema.

"Mzizi unapumua?"

"Kwa hiyo unadhani umekufa? Soma hapa."

Kulikuwa na karatasi ya maelekezo yenye maandishi madogo. Yeye aliisoma kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Zikae gizani. Baridi ya nyuzi mbili hadi tano, isishuke, isipande. Unyevu kidogo, maji hapana. Zisifunuliwe ovyo. Na mengine zaidi ambayo sikuyasikiliza kwa sababu mafuta yangu yalikuwa yanaungua juu ya jiko.

Tukaigawa mizizi katika maboksi mawili, sita na sita, tukayapeleka stoo ya chini. Jengo letu ni la zamani, kila familia ina kijistoo chake chini ya ardhi, na kati ya kimoja na kingine hakuna ukuta, ni papi za mbao zilizoachana, hewa inapita na panya anapita. Chake na changu vimepakana. Taa ya huko inajizima yenyewe baada ya dakika mbili, ukiwa katikati ya jambo lako unabaki gizani ukipapasa swichi.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza, au niseme yake. Alishuka asubuhi kutazama kipimajoto. Alishuka adhuhuri. Alishuka jioni. Ngazi arobaini na nane, na fimbo, na nyonga ya chuma: tap, tap, kishindo, tap, tap, kishindo, inapita mlangoni kwangu, inashuka, kimya cha dakika mbili, taa inazima, analaani, inapanda. Joto likishuka mpaka mbili anayafunika maboksi kwa koti la Zenon. Likipanda mpaka tano anayafunua. Aliandika namba kwenye kalenda ya jikoni. Hakuzigusa zenyewe, alizifunua mara moja tu kwa wiki kama alivyoagizwa, lakini alizizunguka kama kuku aliyepotelewa. Nilikuwa nakaa na sindano zangu za kufumia, nasubiri zile nyayo, na zikichelewa nami nikaanza kuwa na wasiwasi, nikakasirika kwa kuambukizwa wasiwasi usio wangu.

Wiki iliyofuata theluji iliangusha paa la ghala la kaka yangu Roman, kijijini. Akaniletea kreti nne za matufaha niyaweke mpaka Pasaka. Nikayapanga stoo, kwenye zile papi za mbao, upande wa Bi Bogumila kwa sababu upande wa pili una baiskeli.

Hazikupita saa tatu akanigongea.

"Bi Lucyna, umeweka matufaha chini."

"Nimeweka. Chukua ukitaka, mengi."

"Sitaki. Nakuomba uyahamishe. Matufaha yana pumzi, yanaivisha vitu. Ukiweka karibu na mizizi iliyolala macho yake yanakufa. Imeandikwa."

Nilimtazama. Magoti yangu ni mabovu, kreti moja ina kilo ishirini, na balkoni kulikuwa na baridi ya kuyagandisha. Nikasema, "Nitaona." Ndani ya moyo nikasema: matufaha yanaua maua, kesho atasema viazi vinamsema.

Baada ya siku tatu akarudi. Akaniuliza kwa adabu kama nimepata nafasi. Nikamwambia kaka yangu atakuja Jumamosi. Kaka hakuwa na habari.

Jumapili Marzena akapiga simu. Nikamweleza kuhusu ngazi, kalenda na koti. Kisha, kwa sababu nilitaka kumchekesha, nikaongeza: "Na sasa amegombana na matufaha yangu. Eti yanapumua!"

Marzena hakucheka. "Anasema matufaha yanapumua?"

"Mambo ya wazee tu, mwanangu."

"Endelea kuniangalizia," akasema. Nikasikia kalamu ikiandika.

Mara ya tatu alinikuta stoo kwenyewe. Nilikuwa nimeshuka kuchukua matufaha ya keki, na siku ile ilikuwa mbaya kwangu, goti limevimba, na yule mwanamke tena na lile neno moja. Akasimama nyuma yangu, mgongo wangu umezikinga kreti, akaanza, "Bi Lucyna, nakuomba kwa mara ya mwisho…" na taa ikazima. Pale gizani, hata sijui kilinipata nini, nikasema:

"Bi Bogumila, haya tulikwisha kuyazungumza. Matufaha niliyahamisha jana. Hukumbuki?"

Alikuwa akitafuta swichi, nasikia mkono wake ukipapasa ukuta. Nami upesi nikaliburuta zulia kuukuu lililokuwa juu ya baiskeli, nikaliangushia kreti zote nne.

Taa ikawaka. Akatazama. Palikuwa na zulia tu.

"Ulihamisha jana," akasema.

"Jana. Ulisema ahsante."

Nilisema hivyo. Hakuna aliyenishikia bunduki. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile uliteleza mbali kuliko nilivyokusudia, lakini sikuurudisha. Nilijiambia nitayahamisha kweli kesho yake, halafu itakuwa si uongo tena, itakuwa ni ukweli uliochelewa siku moja. Kesho yake goti lilikuwa baya zaidi. Na keshokutwa nilikwisha kuzoea.

Machi ilianza kwa baridi ya nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Bi Bogumila alishuka mara kumi kwa siku. Aliziba kidirisha cha stoo kwa magazeti, akaweka chupa za maji moto pembeni mwa maboksi, akazitoa, akazirudisha. Jumatano moja aliingia kwangu bila kuupapasa mlango.

"Bi Lucyna, nisaidie. Njoo unuse."

Tukashuka. Alisimama kwenye stoo yake, amefumba macho, pua juu.

"Nasikia matufaha."

Nami niliyasikia. Stoo nzima ilinukia kama jikoni ya bibi harusi. Nikasema, "Harufu huganda kwenye mbao. Inakaa miezi."

"Ni kali."

"Ni pua yako, Bi Bogumila. Mimi sisikii kitu."

Akafumbua macho, akanitazama. Nilitegemea ubishi, yeye ni mtu wa kubisha, hata padri hubishana naye juu ya tarehe za watakatifu. Hakubisha. Alivuta kola ya koti lake, akafunga kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa, akasema polepole, "Labda." Na akapanda ngazi, tap, tap, kishindo, bila hata kukitazama kipimajoto.

Ile "labda" ilinichoma, sitaki kusema uongo juu ya uongo. Lakini Jumapili simu ilipolia, na Marzena akauliza kama kuna jipya, nilimwambia mama yake ananusa vitu. Neno lilinitoka kabla sijalipima. Marzena akashusha pumzi. Akasema alikuwa ameshakiuza kitanda cha mgeni, amemnunulia mama yake kitanda cha kudumu.

Baada ya hapo Bi Bogumila alianza kuandika kila kitu. Vikaratasi vya njano jikoni: gesi imefungwa, Jumanne. Barua imepokelewa, nimeijibu. Nilimwuliza vya nini. Akacheka kidogo. "Naweka mashahidi," akasema. "Mimi mwenyewe siaminiki tena." Nilimpelekea kipande cha keki ya matufaha siku ile. Akala, akasifu, akauliza matufaha nimepata wapi. Nikasema sokoni.

Aprili, wiki ya tatu, ardhi ilifunguka. Theluji ilibaki kwenye vivuli tu na vishambani kukaanza kufuka moshi wa majani makavu. Marzena akaja Jumamosi asubuhi, akaniita niende juu, maana mimi nilikata ile ahadi.

Tuliweka magazeti juu ya meza ya jikoni. Bi Bogumila alikuwa amevaa gauni lake zuri na viatu vya shambani. Akafungua boksi la kwanza, akapangusa unga wa mbao kwa vidole. Mzizi ulikuwa mgumu, mzima, haukuoza wala haukuwa na ukungu. Lakini macho yalikuwa meusi. Alipoligusa moja, lilianguka mezani kama kichwa cha kiberiti kilichokwisha kuwaka. Akaligusa la pili. La tatu. Akautua, akachukua mwingine.

Boksi la kwanza, sita, zote. Boksi la pili, lililokuwa mbali na papi, upande wa ukutani: nne, na mbili zilizobaki kila moja ilikuwa na jicho moja dogo jekundu, limejikunja.

"Mbili," akasema Bi Bogumila.

"Mama."

"Najua kuhesabu. Mbili."

Akakaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba nilimwona amekaa na mikono yake haifanyi kitu. Imelala tu mapajani, na unga wa mbao katika kucha.

"Nilifanya kila kitu," akasema, si kwetu. "Niliandika. Au nilidhani niliandika. Pengine niliacha kidirisha wazi siku moja. Pengine nilizimwagia maji nikasahau. Marzena, andika hiyo barua ya chama. Wewe una mwandiko mzuri."

Marzena alikuwa analia. Ni mtoto mwenye hasira, na hasira ikamtafutia pa kwenda. Akachukua katalogi, akapiga namba ya mzee wa Lublin, akaiweka simu mezani tusikie sote.

"Bwana, umemuuzia mama yangu mizizi mibovu."

Mzee aliuliza kwa upole inaonekanaje. Marzena akamweleza: mizizi migumu, macho meusi, makavu, yanaanguka.

"Haikuganda hiyo," mzee akasema. "Ikiganda inakuwa laini kama ndizi. Wala haikukaukiwa. Bibi, huko ulikoiweka, kulikuwa na matufaha?"

Nikaanza kukunja pembe ya gazeti lililokuwa mezani.

"Kila mwaka wananipigia wawili watatu," ile sauti ikaendelea. "Matufaha yakiiva yanatoa hewa fulani, huioni, na jicho lililolala linakufa ndani ya wiki chache. Nimeandika kwenye karatasi, mstari wa nane. Kulikuwa na matufaha?"

Bi Bogumila hakuitazama simu. Alinitazama mimi. Hakukuwa na ukali machoni mwake, laiti ungekuwepo. Alikuwa akinitazama kama mtu aliyepotea njia anavyomtazama mpita njia.

"Bi Lucyna," akasema, "niambie. Nilikuomba uyahamishe, au niliota?"

Ningeweza kusema uliota. Marzena angeamini. Yeye mwenyewe angeamini, hilo ndilo lililonitisha, alikuwa amekwisha kufungasha nusu ya akili yake ili anipe. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani, lakini hata ukutani palikuwa na kimlango, na nilikiona.

"Uliniomba," nikasema. "Mara tatu."

"Na ukayahamisha."

"Sikuyahamisha. Yapo mpaka leo, chini ya zulia. Nilikudanganya. Na harufu uliyosikia nami niliisikia."

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Kwa sauti. Yeye yupo pale." Akamwonyesha Marzena kwa kidevu.

Nikarudia kwa sauti, yote, mpaka ile ya kunusa vitu niliyoisema kwenye simu. Mzee wa Lublin alikuwa bado yuko kwenye laini, maskini, akasikia yote, akakohoa, akakata.

Bi Bogumila alifunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanatikisika, nikadhani analia. Alipoiondoa mikono nikaona anacheka, na machozi yanamtoka, anacheka kama msichana aliyefaulu mtihani. Akasimama. Akaanza kutembea, dirishani, mlangoni, dirishani, bila fimbo, akivibandua vile vikaratasi vya njano ukutani kimoja kimoja na kuvifinyanga.

"Pua yangu ni nzima," akasema. "Marzena, umesikia? Pua yangu ni nzima!"

"Nimesikia, Mama."

"Na kichwa changu."

"Nimesikia."

Kisha akafika mbele yangu akasimama, na kicheko kikamtoka usoni taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Angenitukana ningeshukuru.

"Bi Lucyna," akasema, "toka nyumbani kwangu."

Nikatoka. Mchana ule niliburuta kreti zote nne mpaka nje, kwa magoti yangu haya haya, nikayamwaga matufaha jalalani. Ajabu ni kwamba niliweza.

Marzena aliondoka Jumatatu peke yake. Barua ya chama haikuandikwa. Simu yangu ya Jumapili haikulia tena. Mama yake alizipanda zile mbili kwenye kishamba namba arobaini na saba, akazizungushia vijiti, na nasikia kwa watu ameshampigia mzee wa Lublin, anataka kumi zaidi msimu wa kupukutika majani. Wengine wote kwenye ngazi anawaamkia, hata mbwa wa ghorofa ya kwanza. Mimi ananipita. Nyayo zake nazisikia vilevile, tap, tap, kishindo, ila zikifika mlangoni kwangu zinaongeza mwendo.

Majuzi tulikutana ana kwa ana kwenye kona ya ngazi, hapana pa kupishana, ana ndoo mkononi na udongo viatuni. Nikabana ukutani kumpisha. Akasimama.

"Bi Lucyna," akasema, "leo ni siku gani?"

Nikasema, "Alhamisi, Bi Bogumila."

"Najua," akasema. "Nilitaka kuona kama utaniambia kweli."

Akashuka na ndoo yake.